Fowadi wa Ghorofa ya Juu

Kabla sijamwona sura nilimjua kwa vishindo. Nilikuwa nimehamia Lidcombe, huku Australia, kwenye jengo la matofali lililo nyuma ya reli, na usingizi wangu wa mchana, ambao nesi wa shifti huuheshimu kuliko chakula, ulikuwa unavunjwa kila siku na kitu kinachodunda juu ya dari. Du, du, du, kimya, kisha du moja kubwa. Mimi ni mtu wa Voi, na wanaonijua wanajua sichelewi kugomba. Nikajifunga leso kiunoni, nikapanda ngazi, nikabisha mlango kwa ngumi.

Aliyefungua ilibidi ainame ili anione. Msichana wa chuo, mwaka wa kwanza, mpira wa kikapu kwapani, soksi moja nyekundu na nyingine ya kijani. Kabla sijafungua mdomo akasema, shikamoo anti. Sasa utamgombeza vipi mtu aliyekwisha kukuamkia? Nikaitikia marahaba kwa hasira, jambo ambalo sidhani kama limewahi kufanywa na mtu mwingine. Akaniuliza kama anapiga kelele. Nikasema ndiyo, tena sana. Akaomba radhi, akaahidi atachezea kwenye zulia. Alihamia kwenye zulia kweli, na kelele zikabaki zile zile, ila sasa zilikuwa na adabu kidogo.

Jina lake silitaji, na hata nikilitaja nusu ya jengo haitamjua. Sote tulimwita Fowadi, kwa sababu hiyo ndiyo namba aliyochezea katika timu ya wanawake ya chuo chake kule Kensington. Aliyekataa alikuwa mama yake peke yake. Huyo ni mama wa Kirundi aliyekuja huku na binti yake kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, anafanya kazi ya kutunza wazee, ana sauti ndogo na msimamo mkubwa. Alisema mtoto wake alibatizwa jina, hakubatizwa cheo. Mwaka haukuisha nikamsikia kwenye ngazi akiita, we Fowadi, njoo ushike huu mfuko wa mchele. Nikacheka peke yangu mlangoni.

Kwa asiyeujua mchezo huo, fowadi ni yule anayekaa karibu na kikapu, penye viwiko na jasho. Wafupi wanauleta mpira, wenye mikono laini wanautupa kutoka mbali na kupigiwa makofi, na fowadi yuko huko chini anasukumana na watu akisubiri mpira ukose. Ukigonga chuma cha kikapu ukarudi, lazima mtu aufuate hewani, na mtu huyo ni yeye. Aliniambia siku za mwanzo kwamba mipira inayoingia ni ya wenzake na inayokosa ni yake. Watu wanakosa kila siku, akasema, kwa hiyo yeye hatakaa bila kazi.

Mechi ya kwanza niliyokwenda kumtazama niliona haya kwa niaba yake. Nilipiga kelele kama niko uwanjani kwetu, watu wa Kensington wakageuka kuniangalia, na mtu wangu hakufunga chochote cha maana. Kwenye treni ya kurudi nilimfariji. Nikamwambia kila mtu ana siku yake mbaya, hata manesi, na kwamba atafunga siku nyingine. Alinisikiliza kwa heshima mpaka tukafika. Tulipoingia jikoni kwangu akasimama kati yangu na friji, akanipa mgongo, akapanua miguu, akashuka kidogo kama mtu anayetaka kukaa kwenye kigoda.

"Anti, chukua maziwa," akasema.

Nikaenda kushoto, mgongo ukaenda kushoto. Nikaenda kulia, ukanifuata. Hakunisukuma, hakunishika, hakugeuka hata kunitazama, lakini friji ikawa mbali kuliko Melbourne. Nilijaribu kupita kwa ujanja, nikajaribu kupita kwa nguvu, nikatoka jasho ndani ya jikoni yangu mwenyewe. Ndipo akanieleza kwamba hiyo ndiyo kazi. Kabla hujautaka mpira, unahakikisha mwenzio hawezi kuufikia, na watazamaji hawaoni kwa sababu wote wanaangalia juu. Siku hiyo tulikunywa chai ya rangi.

Toka hapo nikawa namtazama yeye tu, mpira niliwaachia wengine. Nikaona mambo. Nikaona wasichana wakubwa wa vyuo vingine wakimtafuta refa kwa macho, wakilalamika bila kujua wanalalamikia nini. Nikaona kocha wake, mama mmoja Mwaustralia wa nywele fupi asiyependa maneno mengi, akimtoa kila mtu apumzike isipokuwa yeye. Nikaanza kujifanya mtaalamu. Kazini nilimweleza daktari mmoja habari za ribaundi, ile mipira inayokosa na kurudi, mpaka akaniuliza kama mgonjwa wetu ameshapimwa presha.

Alikuwa mtu wa kinyumenyume, huyo binti. Uwanjani hakumwogopa mtu, hata awe na mabega ya mlango, lakini alikuwa tayari kuzunguka mtaa mzima ili asipite chini ya mti wa kunguru wa hapa, wale wa madoa meupe ambao msimu wa kutaga hushuka kumdonoa mtu utosini. Alichelewa harusi, alichelewa ibada, alichelewa hata sherehe yake mwenyewe ya kuzaliwa, lakini mazoezini alifika kabla taa hazijawashwa. Akikasirika alisema Kiingereza, akichoka Kirundi, na akitaka kitu kwangu alileta Kiswahili cha Tanzania kilichonyooka, chenye naomba na samahani na kama hutajali.

Na chakula chake! Wenzake kabla ya mechi walikula tambi. Yeye alibeba ugali na dagaa kwenye bakuli la plastiki, akaula ndani ya basi la timu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Kocha alimwomba kwa upole atafute bakuli lenye kifuniko imara zaidi. Hakubadilisha chakula, alibadilisha bakuli. Kabla msimu haujaisha wawili kati ya wale wasichana walikuwa wanakuja Lidcombe siku za Jumapili kuulizia dagaa, wakila kwa vidole na kupuliza.

Neno lake lilikuwa moja: tena. Karibu na stesheni yetu kuna kiwanja cha wazi, chuma chake kimepinda upande mmoja, na hapo ndipo alipofanya mazoezi siku ambazo chuo kimefungwa. Wakati wa baridi nilimfuata na chupa ya chai, nikakaa kwenye benchi nimejifunika kama mgonjwa. Aliutupa mpira ubaoni makusudi ukose, akaurukia, akashuka nao. Kama miguu haikutua anavyotaka alisema tena, akarudi mwanzo. Mara moja nilimwambia, hiyo umeipata, twende nyumbani, mimi masikio yamekufa. Akanijibu kwamba ameipata kwa bahati. Kisha akasema tena. Nilimtukana kimoyomoyo na nikabaki pale pale.

Sasa nifike kwenye goti, kwa sababu huwezi kumsimulia Fowadi ukaliacha goti lake.

Ilikuwa mwaka wake wa tatu chuoni, msimu unaelekea mwisho. Aliruka kama kawaida yake, akashuka juu ya mguu wa mwenzake, na goti likaenda upande ambao goti haliendi. Hospitali walimpa magongo, wakamwambia aweke barafu, aunyanyue mguu, asiuguse, na akapangiwa daktari wa upasuaji upesi kuliko nilivyotarajia. Kano ya ndani ilikuwa imekatika. Kama ingeshonwa mapema na akafanya mazoezi bila mzaha, angerudi uwanjani kwenye msimu wa mwaka wake wa nne, yaani wa mwisho. Kocha alimwambia nafasi yake ipo, inamsubiri. Yeye hakuuliza habari ya maumivu. Aliuliza tarehe.

Siku zile mimi nilikuwa kazini asubuhi na jioni, tulipungukiwa watu wodini. Huku nyumbani wakaja akina mama wa kanisani. Walikuja na upendo wao wote, na upendo wa akina mama wetu unajulikana: sufuria ya maji ya moto, chumvi, taulo na mafuta. Kwetu mtu akiteguka anakandwa. Mimi nimekandwa, mama yangu alikandwa, na ukitaka kumtukana mtu mwambie aliumia na hakuna aliyemkanda. Mama yake alikunja mikono ya blauzi akalikanda lile goti jioni ya kwanza, akalikanda jioni ya pili, analivuta na kulisugua huku wenzake wakiimba na kuomba. Fowadi aliuma mto. Alijua alichoambiwa hospitali, lakini mikono ilikuwa ya mama yake, na hakuna aliyemfundisha namna ya kuikataa.

Nilipopanda kumjulia hali nilikuta goti limekuwa papai. Hapo nilisema. Nilisema mengi, na kwa sauti, mbele ya wageni, habari za barafu na moto na damu inayovuja ndani. Mama yake alinitazama akiwa na taulo mkononi, akaniuliza kama sisi Wakenya kwetu hatukandi. Nikamwambia tunakanda mgongo wa babu, hatukandi goti lililokatika ndani. Akanifungulia mlango nitoke. Kwa miezi kadhaa baada ya siku hiyo tulipishana kwenye ngazi kwa habari na nzuri, basi.

Daktari wa upasuaji aliliona goti, akatikisa kichwa. Hawezi kupasua goti lililovimba hivyo, ilibidi uvimbe ushuke kwanza. Siku yake akapewa mgonjwa mwingine, na yeye akarudishwa nyuma ya foleni. Alipokuja kushonwa, hesabu yote ilikuwa imeharibika. Msimu wa mwaka wa nne ungepita naye akiwa kwenye magongo na mazoezi ya fizio ya kulirudishia goti nguvu, na baada ya hapo hakuna chuo tena. Nilimhurumia mpaka nikalia kwenye gari.

Fowadi hakuwa mtu wa uongo. Ukimuuliza kama mchuzi umekolea chumvi anakwambia, na wewe ndiwe uliyeupika. Lakini mama yake alipouliza kwa nini upasuaji umeahirishwa, alimjibu bila kupepesa macho kwamba hospitali za hapa ndivyo zilivyo, foleni zake ndefu, wote wanangoja. Siku hiyo hiyo akashuka kwangu kwa magongo, ngazi moja moja, akakaa kwenye kiti cha jikoni.

"Anti, mama asijue," akasema.

Nilimuuliza, mama akijua atafanya nini?

"Hatanigusa tena."

Nikamwahidi.

Miezi ya fizio ilikuwa mirefu, na hapo ndipo nilipomjua vizuri. Alipewa zoezi la kukunja na kukunjua, la kusimama kwa mguu mmoja akipiga mswaki, la kupanda na kushuka ngazi ya chini ya jengo letu mpaka wapangaji wakazoea kumruka. Alilia akifanya, na hakuacha kwa sababu analia. Wengine hujikaza kwa kunyamaza. Yeye alijikaza huku akilalamika kwa lugha zote tatu, akimsema fizio aliyempa mazoezi, akiisema ngazi, akilisema goti lenyewe kana kwamba ni mtoto mtukutu wa jirani.

Kanisani nako kulikuwa na kesi. Fizio alimkataza kupiga magoti, na kanisa lao la Auburn huomba kwa kupiga magoti sakafuni, maombi marefu. Yeye alibaki amekaa kwenye kiti, mgongo wima, anaonekana kutoka kila kona kwa urefu ule. Minong'ono ikaanza kwamba chuo kimempandisha mabega. Mama mmoja akamwendea, akamwambia hata wajawazito wanajitahidi. Fowadi akamjibu kwa heshima kwamba goti hilo analilinda ili alirudishe kazini, na akimaliza atampigia Mungu magoti ya deni lote. Mchungaji alilisikia jibu hilo, akacheka, na kesi ikafungwa.

Ile siri ya maji ya moto, nilifikiri nitakufa nayo. Lakini kwenye jengo letu tuna chumba kimoja cha kufulia, na huwezi kumkwepa jirani kwenye chumba cha kufulia. Asubuhi moja mama yake alinikuta nangoja mashine imalize. Alianza kukunja mashuka yake, na bila kuniangalia akauliza.

"Ile maji ya moto, iliharibu mtoto?"

Kumbe kazini kwake mzee mmoja alikuwa ameanguka akaumia goti, na mama yake Fowadi alipokimbilia taulo ya moto wenzake walimzuia na kumweleza. Alikuwa amekaa na hilo jambo siku kadhaa. Nilitamani kusema hapana. Lakini mimi hata wagonjwa wangu siwadanganyi, na huyu alikuwa ameniuliza kama mtu mzima.

"Hayakumharibu," nikamwambia. "Yalimchelewesha."

Aliendelea kukunja. Akaniuliza kama binti anajua. Nikasema anajua, na aliomba mama asiambiwe. Akalilaza shuka juu ya jingine, akalinyoosha kwa kiganja mpaka likakosa hata mkunjo mmoja.

"Basi usimwambie mimi najua," akasema, akabeba kapu lake akaondoka.

Jamani. Mimi, mtu wa maneno, nikawa nimebeba siri mbili za watu wawili wanaokula meza moja. Mlango wao ukanifungukia tena, na nilipopanda kula nilijaza mdomo wali ili nisiseme kitu.

Fowadi alimaliza shahada yake ya uhandisi, na jumuiya yetu ikafanya sherehe kwenye ukumbi wa kukodi, na hotuba zake. Kila aliyesimama alimtajia kazi: serikalini, kwenye madaraja, kwenye reli. Yeye alikaa mbele na joho lake, ametulia mno, na mimi nikajua kuna jambo. Siku ya pili akanigongea mlango. Alikuwa amejiandikisha chuoni kwa kozi nyingine ya mwaka mmoja, inahusu udongo. Timu ya chuo inachukua wanafunzi tu, na yeye alitaka kubaki mwanafunzi. Nikamuuliza mapenzi ya udongo yamemwanza lini. Akaniambia udongo una mwaka mmoja, na mwaka una msimu mmoja, na huo ndio anaoutaka.

Watu walisema. Walisema amechanganyikiwa, walisema mtoto wa mkimbizi hachezi na nafasi, walimwendea mama yake wawashauri wote wawili. Nilitega sikio nikitarajia moto, maana huyu ndiye mama aliyekuwa akiuita mpira ule kitu cha kudunda na aliyekataa miaka yote kwenda kuutazama. Akawajibu kwa ile sauti yake ndogo, "Mwacheni amalize." Fowadi alikuja kunieleza huku ameduwaa, akaniuliza mama kapatwa na nini. Nikamwambia sijui, nikajifanya natafuta sukari.

Basi akarudi kwenye timu. Fizio akalipima goti akasema liko imara kuliko lile jingine. Alikimbia, aligeuka, alizuia watu kwa mgongo wake kama zamani. Kitu kimoja tu kilikataa. Akiwa peke yake chini ya chuma aliruka vizuri. Wakiwa wengi, viwiko na miguu ya watu imejaa chini yake, hakuruka. Miguu ilibaki sakafuni na mpira ukachukuliwa juu ya kichwa chake. Kocha alimpa dakika chache, akamtoa. Mechi iliyofuata vile vile. Polepole akawa mtu wa benchi, na msimu ule ule alioununua kwa mwaka mzima wa kusoma udongo ukawa unamalizika.

Alikuja jikoni kwangu, akakaa mbele ya chai ikapoa. Nilimletea maneno yote ninayowapa wagonjwa wangu. Akaniacha nimalize.

"Goti limepona, anti," akasema. "Mimi ndiye bado."

Nimesikia watu wengi wakieleza woga wao, wengine wakiwa na umri wa babu zangu, na sijasikia mtu akausema kwa uchache hivyo. Nilimuuliza kama anataka kuacha. Alinitazama kama nimemtusi, akainua kikombe akanywa chai ile baridi yote, akaenda mazoezini.

Nimemaliza karibu yote, imebaki siku hii, nayo ni ya juzi juzi tu.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, Jumamosi mchana, kule kule Kensington. Nilikuwa nafunga mlango wangu niende nikamkuta mama yake kwenye ngazi, bado amevaa sare ya kazini, pochi kwapani. Akaniuliza treni gani. Sikuuliza swali, nilimwambia tu tukimbie. Tulipanda treni mpaka mjini, tukashika tramu, na njia nzima alishika pochi kwa mikono miwili akiangalia nje. Ukumbini nilimtafutia kiti cha mbele. Fowadi alikuwa benchini, taulo begani, na hakutuona.

Robo ya tatu ndipo kocha alipomwita. Tulikuwa nyuma kwa kidogo, na msichana aliyekuwa akicheza nafasi yake alikuwa amechoka hoi. Fowadi akaingia, akatafuta mtu wake, akampa mgongo. Mpira wa kwanza uligonga chuma. Alikuwa amekaa mahali pazuri kuliko wote, mwenzake hawezi kupita, mikono iko juu, na miguu haikuondoka. Mwingine akaja kutoka upande akauchukua. Mpira wa pili, hivyo hivyo. Nilijifunika uso kwa skafu.

"Anaogopa," mama yake akasema.

Nilimuuliza amejuaje, yeye asiyeujua mchezo. Akanijibu kwamba siku za kwanza za shule huku binti yake alikuwa anasimama hivyo hivyo mlangoni, begi mgongoni, mguu hauvuki kizingiti.

Kocha akaomba mapumziko. Niliona anavyomtazama yule msichana mwingine aliyepumzika, na nikajua Fowadi anatoka, na akitoka sasa ndiyo basi, hakuna mechi nyingine wala mwaka mwingine. Nikageuka kumwambia mama yake, nikakuta kiti kitupu. Alikuwa ameshashuka ngazi na viatu vyake vya kazini, amevuka mstari, anatembea ndani ya uwanja na pochi yake. Refa akamwendea ameinua kiganja. Mama akamwambia kwa Kiingereza chake cha kazini kwamba yule ni mtoto wake na hatachukua muda mrefu. Nikamkimbilia nimrudishe, ndiyo maana nikasikia.

"Mama, toka uwanjani," Fowadi alisema, macho yamemtoka.

Mama yake hakutoka. Alichuchumaa pale, mbele ya timu mbili na kocha na watu wote waliokuwa jukwaani, akaweka kiganja juu ya lile goti. Hakulisugua. Aliliwekea mkono tu, na mkono ukakaa.

"Ile maji yangu, nilijua zamani," akasema. "Sasa ruka. Ukianguka, safari hii naleta barafu."

Fowadi akanitazama mimi. Mimi nikatazama taa za ukumbi. Niliposhusha macho alikuwa amemwinamia mama yake, anacheka au analia, sikuweza kujua, na mama anafutwa uso kwa taulo la jasho na wala hajali. Kocha hakuelewa hata neno moja la Kiswahili kile, lakini hakuwa mjinga. Akamuuliza Fowadi kama yuko tayari. Fowadi alikuwa amekwisha kurudi mahali pake chini ya chuma.

Mchezo ukaanza. Wapinzani wakazungusha mpira, mmoja wao akautupa kutoka mbali, watazamaji wote wakainua vichwa kuufuata. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Akampa mtu wake mgongo, akapanua miguu, akashuka kidogo. Mpira ukagonga chuma. Viwiko vikaja, magoti yakaja, watu wakajaa pale chini kama siku ile ya balaa, na yeye akaruka. Aliruka akawapita wote, akaudaka kwa mikono miwili, akashuka nao kwa miguu yote miwili katikati yao, viwiko nje, na goti likambeba.

Akampa mpira yule mfupi wao, wakaondoka mbio kwenda upande wa pili. Mama yake alikuwa bado amesimama pembeni mwa uwanja na pochi yake, na refa alikuwa ameacha kumwambia akakae.